Korosho, gesi na Minhaji: Utafiti una milango mingi

Ukitaja neno utafiti mbele ya Waislamu wengi wa mijini, fikra huenda sehemu mbili tu. Ama mtu humfikiria mzungu mwenye kofia na daftari anayezunguka vijijini akiuliza maswali, ama humfikiria mtoto wa jirani anayehangaika na tasnifu ili amalize chuo. La kwanza tunaliona si letu. La pili tunaliona ni adha ya miezi michache, ambayo siku hizi wengine huimaliza kwa kumlipa mwenye duka la steshenari awachapie kazi iliyokwishaandikwa na mtu mwingine.

Huku Mtwara ninakofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, fikra hiyo inatugharimu sana. Kutoka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma kuna kipande kidogo tu cha pwani, lakini ndani yake kuna mambo ambayo wanasheria, wanasayansi na mafundi wa fani mbalimbali wameyachunguza kwa miongo mingi. Kuna korosho, gesi, matumbawe, mikoko, na mpaka wa nchi mbili unaopita katikati ya maji. Swali langu kwa ndugu zangu Waislamu, ambao ni wengi katika pwani hii, ni dogo: katika yote hayo, sisi tuko wapi? Tuko upande wa wanaouliza, au upande wa wanaoulizwa siku zote?

Mwezi mmoja uliopita mwanafunzi wa kidato cha sita aliniuliza kama akienda kusoma jiolojia atakuwa ameiacha dini. Hakuwa anafanya mzaha. Nyumbani ameambiwa kuwa elimu inayomfaa mtoto mwema ni ya dini, na kama ni lazima asome ya dunia basi iwe ualimu au sheria. Nilimfungulia Sura Fatir, aya ya 27 na ya 28. Humo Allah (SW) anataja mvua inayoteremka, matunda ya rangi mbalimbali, milima yenye miamba myeupe, myekundu na myeusi, kisha watu, wanyama na mifugo kwa tofauti za rangi zao. Baada ya kuyataja hayo ndipo anapowataja wanazuoni kuwa ndio wanaomcha miongoni mwa waja wake. Nilimwomba kijana atazame vizuri kilichotangulia kabla ya kutajwa wanazuoni. Ni maji, mimea, mawe na viumbe hai. Hakuna mfasiri anayesema kuwa aya hiyo inawahusu wanajiolojia peke yao, wala mimi sisemi hivyo. Lakini anayesoma miamba kwa moyo wa imani hayuko mbali na aya hiyo hata kidogo.

Imam Ghazali naye aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 900 iliyopita. Katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa elimu, anaiweka tiba na hesabu katika faradhi kifaya, yaani elimu ambazo mji mzima unapata dhambi ukikosa mtu wa kuzisimamia. Kisha analalamika kuwa miji mingi haina tabibu Muislamu, ilhali watu wanasongamana kwenye fiqhi, hususan katika mabishano ya hitilafu, kwa kuwa huko ndiko kwenye vyeo na majina. Mtu angedhani anauzungumzia mji wetu.

Ubwiri unga na kangomba

Tuanze na korosho, kwa sababu hakuna nyumba ya Mtwara isiyoguswa nayo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Wazee wanaokumbuka miaka ile wanajua maana ya takwimu hizo: mashamba yaligeuka msitu na vijana wakakimbilia Dar es Salaam.

Kwa nini ilitokea hivyo? Hapa ndipo utamu wa utafiti ulipo. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea atakwambia ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaofunika majani machanga na maua wakati wa miezi ya baridi hadi maua yanakauka kabla ya kubeba. Ugonjwa huo ulitambuliwa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mchumi atakwambia ni bei, kwamba mkulima alikuwa akilipwa sehemu ndogo mno ya thamani ya korosho yake, hivyo akaacha kupalilia. Mwanahistoria na mwanasheria wa ardhi watakwambia ni Operesheni Vijiji, iliyowahamisha watu na kuwaweka mbali na mikorosho yao. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja ameshika kweli. Shamba lililoachwa kwa sababu ya kuhamishwa halikupaliliwa. Lisilopaliliwa likasongamana matawi, na ukungu ukapata mahali pa kuzaliana. Mkulima aliyekuwa bado karibu na shamba hakuona faida ya kupambana nao kwa bei ile. Aliyesoma fani moja na kudharau nyingine asingeweza kuieleza hasara hiyo kwa ukamilifu.

Dawa ilitafutwa hapa hapa. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kilometa chache kutoka Mtwara mjini, ndicho kilichofanya kazi ya kujua salfa ya unga ipulizwe lini, kwa kiasi gani na mara ngapi. Wanaojua kazi hii hupuliza alfajiri, wakati hakuna upepo na majani bado yana umande wa kuishika salfa. Baadaye kituo hicho, ambako Dk. Peter Masawe alijulikana kwa kazi ya kuzalisha aina bora za mikorosho, kilitoa miche inayozaa zaidi na inayostahimili zaidi. Msimu wa 2017/18 mavuno ya taifa yalipita tani 300,000. Bei nayo ilichangia, tusiwanyime wachumi haki yao. Lakini bila ya watu waliokaa miaka mingi wakihesabu maua ya mikorosho, bei nzuri ingekuta miti mitupu.

Utafiti haukuishia hapo, na hili napenda wanafunzi walijue. Wataalamu wa udongo walirudi mashambani wakauliza swali jingine: salfa yote hii inayoanguka chini kila mwaka, inaufanya nini udongo? Wakaonyesha kuwa inauongezea uchachu, na katika udongo wa kichanga kama wetu jambo hilo linaweza kuja kuyadhuru mazao mengine kama mahindi na karanga. Dawa ya jana ikawa swali la leo. Huo ndio utafiti unaostahili jina hilo, na mtu hapaswi kuona haya kwamba jibu la kwanza halikutosha. Tunayo hadithi mashuhuri katika Sahih Muslim, ya watu wa Madina waliokuwa wakiichavusha mitende. Mtume (SAW) aliposema hadhani kama jambo hilo lina faida, wakaacha, na mavuno yakapungua. Alipoelezwa, aliwaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Waliokuwa wajuzi zaidi walikuwa wakulima, kwa uzoefu wao wa miti.

Upande wa ufundi tulianguka vibaya. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya kubangulia korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kwa mitambo ya Kiitaliano na ya Kijapani. Vingine vilikamilika wakati korosho zenyewe zimekwisha mashambani. Mashine zile zilihitaji vipuri vya kuagizwa nje, na zilivunja punje nyingi ilhali soko linataka punje nzima. Ni mfano mchungu wa teknolojia iliyonunuliwa kabla ya maswali kuulizwa.

Sasa njoo kwenye sheria. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala, na mwaka 2007 utaratibu huo ukaanza kutumika kwa korosho hapa Mtwara. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapelekwa ghalani, anapewa stakabadhi, kisha unafanyika mnada. Kusudio lilikuwa kumuokoa na walanguzi. Lakini malipo yakichelewa, na watoto wanatakiwa kurudi shule, mkulima huangukia kwa mnunuzi wa kangomba, anayechukua korosho mapema kwa bei ya kutupa na kwa kipimo kisicho rasmi. Serikali inaita kangomba kosa. Mkulima mwenye njaa anaiita msaada. Mwalimu wa fiqhi aiiteje?

Hapa masheikh wetu wana kazi ambayo hakuna mtaalamu wa Naliendele anayeweza kuwafanyia. Fiqhi inao mlango wa salam, yaani kuuza bidhaa itakayokabidhiwa baadaye kwa bei inayolipwa sasa. Mtume (SAW) aliwakuta watu wa Madina wakiuziana matunda kwa njia hiyo kwa mwaka na miaka miwili, naye hakuwakataza. Aliwawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Ukiitazama kangomba kwa masharti hayo utaona inaanguka kwenye kipimo kabla hujafika popote, na anayepunja kipimo anayo Sura al-Mutaffifin ya kumtosha. Lakini salam yenyewe ni halali, tena iliruhusiwa kwa ajili ya mkulima kama huyu anayehitaji fedha kabla ya mavuno. Je, salam safi yenye mizani ya serikali haiwezi kuandikwa ndani ya utaratibu wa ushirika? Na katika miaka ya mwanzo vyama vilikopa benki ili kumlipa mkulima malipo ya awali, na mkopo ule ulikuwa na riba iliyokatwa katika fedha yake. Muislamu aliyepeleka korosho ghalani aliingia humo bila ya kuulizwa. Maswali haya yanahitaji mtu aliyesoma mikataba ya fiqhi, akaisoma sheria ya 2005, kisha akakaa msimu mzima ghalani akiangalia mambo yanavyokwenda. Kusoma vitabu peke yake hakutoshi, na kukaa ghalani peke yake pia hakutoshi.

Gesi iko katika fungu gani?

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP. Ikakaa chini zaidi ya miaka 20, kwa kuwa hapakuwa na matumizi yaliyoonekana kulipa. Kufikia mwaka 2007 ilikuwa imeanza kuzalisha umeme mjini Mtwara. Kuanzia mwaka 2010 ukaja ugunduzi mkubwa zaidi katika kina kirefu cha bahari, na takwimu za serikali zikafikia futi za ujazo trilioni 57 kwa nchi nzima. Ndipo likaja bomba la kwenda Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 500.

Yaliyotokea mwaka 2013 sote tunayakumbuka. Yalianza maandamano, kisha tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa bungeni na bomba likathibitishwa, mji ukawaka. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa, na likazinduliwa mwaka 2015. Sina nia ya kuufungua upya ugomvi ule. Ninachosema ni kuwa katika miezi ile tulizungumza sana juu ya haki, na wachache mno kati yetu tulikuwa na elimu ya kile tulichokuwa tukikizungumzia.

Swali lililokuwa mitaani lilikuwa: gesi hii ni ya nani? Hilo ni swali la sheria, na lina majibu katika sheria ya nchi na katika fiqhi. Tuanze na ya kwetu. Waislamu wa mwambao huu tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na kitabu cha Minhaji cha Imam Nawawi kimesomeshwa katika pwani yetu kwa vizazi. Katika mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, Nawawi anayagawa madini mafungu mawili. Liko la madini ya dhahiri, yanayopatikana bila ya kuhangaikiwa, na hapo anataja mafuta ya naft, lami na kibiriti, ambacho ndiyo salfa hii hii tunayoipuliza kwenye mikorosho. Hayo hayamilikiwi na mtu kwa kuyahuisha, wala mtawala hawezi kumkatia mtu peke yake. Liko na la madini ya batini, yanayopatikana kwa kazi, kama dhahabu, fedha, chuma na shaba, na hayo yana maneno mengine. Kabla yake Imam Mawardi aliyafafanua mafungu hayo katika kitabu chake cha hukumu za utawala.

Asili ya mgawanyo huo ni kisa cha Abyadh bin Hammal, kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Alimuomba Mtume (SAW) ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, akampa. Alipoondoka, mtu mmoja akasema kuwa alichopewa ni kama maji yasiyokatika. Mtume (SAW) akairudisha. Mtu yule hakuwa na hoja mpya ya kisheria. Alikuwa na taarifa juu ya hali ya chumvi ile. Hukumu ilibadilika kwa sababu ya taarifa ya kitaalamu, kama tungesema leo.

Basi gesi ya Mnazi Bay iko fungu gani? Imo katika mwamba, zaidi ya kilometa moja chini ya ardhi. Kuifikia kunahitaji mitambo na fedha ambazo wengi wetu hatuwezi hata kuzihesabu. Kwa upande huo inafanana na shaba. Lakini kisima kikishatobolewa, gesi haichotwi kama dhahabu inavyochimbwa. Inapanda yenyewe kwa mgandamizo, na ni karibu methani tupu, kwa hiyo haihitaji kusafishwa sana kabla ya kuwashwa. Kwa upande huo inafanana na naft ya Nawawi. Faqihi hawezi kulijibu swali hili bila ya kumuuliza mwanajiolojia na mhandisi. Nao hawawezi kulijibu bila ya faqihi, kwa kuwa wao wanajua gesi inavyokaa na inavyopanda, hawajui ni sifa ipi kati ya hizo ndiyo iliyobeba hukumu.

Kwa maoni yangu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe, illa katika kisa cha Abyadh ni haja ya watu wote kwa kitu kile na ukubwa wake usiokatika. Kina cha shimo si hoja. Kwa hiyo gesi ni mali ya umma. Na ndipo ilipofika sheria ya nchi pia: Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inaiweka mali hiyo mikononi mwa Jamhuri, na mwenye ardhi hulipwa kwa ardhi yake na mazao yake, halipwi kwa kilicho chini. Wengi wa waliokuwa barabarani mwaka 2013 waliamini kuwa aliye juu ya ardhi ndiye mwenye cha chini. Hawakuwa wajinga. Ni kwamba hakuna aliyekuja kukaa nao akawaeleza kwa lugha wanayoielewa.

Lakini kusema ni mali ya umma hakumalizi neno. Umma upi? Wa Msimbati wanaosikia mtambo, au wa Dar es Salaam wanaopata umeme? Anayetaka kuifananisha gesi na zaka, ambayo hugawiwa kwanza kwa mafakiri wa mahali inapotoka, itambidi athibitishe kwanza kuwa ina zaka. Na wanazuoni wamekhitilafiana: kwa Shafii zaka ya madini ni ya dhahabu na fedha tu, Mahanbali wanaitoza hata naft, na Mahanafi wanasema khumsi ni ya madini yanayoyeyushwa, si ya vitu vinavyotiririka. Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 iliziwekea halmashauri ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Je, halmashauri zetu zimewahi kuwasomea wananchi, kijiji kwa kijiji, ushuru wa gesi ulioingia na ulikokwenda? Hilo nalo ni swali la utafiti. Halihitaji darubini wala mtambo, linahitaji kijana anayejua kusoma hesabu na asiyeogopa kubisha hodi ofisini.

Bahari haijui vitivo

Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994. Eneo lake ni kilometa za mraba 650, na ndani yake mna vijiji vya watu, misikiti na makaburi. Kwa mwanabiolojia mahali hapa ni johari. Mkondo mkuu wa bahari unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki unakuja kugonga pwani karibu na hapa, kisha unagawanyika, sehemu ikienda kaskazini kuelekea Mafia, Zanzibar na Mombasa, na sehemu kusini kuelekea Msumbiji. Vijidudu vya matumbawe na mayai ya samaki yanayotoka huku yanaweza kusafirishwa na maji hayo mbali sana. Ukiliharibu tumbawe la Msimbati kwa baruti, madhara yanaweza kumfika mvuvi asiyekujua wala kukuona.

Hoja hiyo ni nzito, na mimi naiunga mkono. Kupiga baruti ni kufisidi katika ardhi na bahari, sina neno laini zaidi. Lakini watafiti wa elimu ya jamii walikuja vijijini humo na maswali yao, wakakuta jambo ambalo mwanabiolojia hakulipima: watu waliokatazwa nyavu walizozoea bila ya kupewa njia nyingine, na wanaouona mradi wa gesi ukiruhusiwa ndani ya hifadhi ile ile ambamo wao wanakamatwa kwa kuvua. Nalingu wameyalalamikia hayo kwa miaka mingi. Sheria iliyotungwa kwa ushauri wa fani moja ilileta ugomvi ambao fani nyingine ingeweza kuutabiri.

Tazama pia mpaka. Tanzania na Msumbiji zilitiliana saini makubaliano ya mpaka wa baharini mwaka 1988. Mpaka huo unaanzia mdomoni mwa Ruvuma, na mito ya namna hii huhamisha mchanga wake na kubadili mikondo yake. Kwa hiyo mwanasheria wa mipaka na mpimaji wa mchanga wanahitajiana, hasa kukiwa na gesi pande zote mbili. Na tufani nayo haina paspoti. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, watu wa Mtwara walikuwa wametahadharishwa na wengine kuhama. Hakikupiga kwetu, na baadhi ya watu wakawacheka watu wa hali ya hewa kuwa wamesema uongo. Wazee wanaoikumbuka tufani ya mwaka 1952 hawakucheka.

Jina la Boheti

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa atajwe katika shule zetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria katika kilima cha Tendaguru, nyuma ya mji wa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi vichwani hadi bandarini Lindi, zikapelekwa Berlin, ambako mnyama mmoja wapo amesimamishwa katika jumba la makumbusho, mrefu wa zaidi ya meta 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyejua mfupa unavyolala ardhini, unavyofunuliwa bila ya kuvunjika, na nani awekwe kwenye shimo lipi. Wenye shahada waliandika vitabu. Mwaka 2007, karibu karne moja baadaye, mtaalamu wa Kijerumani alipokipa jina kiumbe kipya kutokana na mifupa ile alikiita Australodocus bohetii, kwa heshima yake.

Jina la bin Amrani halihitaji maelezo kwa msomaji wa gazeti hili. Ujuzi ulikuwepo kwa watu wa kusini hata wakati ule. Kilichokosekana ni kalamu na cheo cha kuandika kwa jina lake mwenyewe.

Leo kalamu zipo. Vijana wetu wako Dodoma, Mlimani, Sokoine, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambacho kina kitivo cha sheria. Lakini nimesoma tasnifu kadhaa za vijana wa kusini, na nyingi zinafanana kama mapacha: athari za jambo fulani katika wilaya fulani, watu 50 wamejaziwa hojaji, na mapendekezo kwamba serikali ielimishe wananchi. Nani aliyemwambia kijana wa Tandahimba kuwa hana swali lake mwenyewe?

Na kwa watafiti wageni, ambao hupata kibali cha COSTECH na kuja kwetu kwa wingi, sina uadui nao, wengi wamefanya kazi ya maana. Neno langu liko kwa viongozi wa vijiji na maimamu wa pwani. Mgeni akija na barua yake, muulizeni atarudi lini na majibu, na kama atayasema kwa Kiswahili. Mwandikeni jina na tarehe katika daftari la kijiji. Mkiwa na msikiti wenye nafasi, mpeni jioni moja baada ya Alasiri awaeleze wazee alichokiona. Wavuvi watamuuliza maswali ambayo profesa wake hakumuuliza.

Kama yupo mwanafunzi wa sheria anayetafuta mada mwaka huu, aanze na kangomba na salam, na aende Newala mwezi wa Oktoba mnada unapoanza, asingoje Januari. Wa kemia akapime udongo chini ya mikorosho iliyopulizwa salfa miaka 30, na aulizie kwanza kwa wenye shamba ni miti ipi. Wa uhasibu aombe hesabu za ushuru wa huduma. Yule kijana wangu wa jiolojia amejaza fomu zake wiki iliyopita. Baba yake alikuja shuleni kuniuliza kama huko chuoni kuna msikiti, nikamwambia upo.